Mjadala: Anayeweka Linux mara ya kwanza aigawe diski vipande (patisheni), au aache patisheni moja?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Tangu Microsoft isitishe msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wenye kompyuta za mtumba zinazokataliwa na Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama) wananiuliza sana habari za Linux, mfumo endeshi wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Wengi wanakwama palepale: diski niigaweje? Na ushauri wanaopewa ni uleule wa zamani: GB 20 za mfumo, swopu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) mara mbili ya RAM, zinazobaki zote ziwe /home (sehemu ya mafaili yako).

Kwa mgeni, ushauri huo naupinga kabisa. Patisheni ndogo ya EFI (ya kuwashia kompyuta), kisha moja kubwa ya ext4 (mpangilio wa kawaida wa mafaili kwenye Linux), inatosha. Swopu nayo siku hizi inakaa kama faili tu; Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, inafanya hivyo tangu toleo la 17.04.

Nasema haya kwa sababu yalinikuta. Diski yangu ilikuwa ya GB 250 na niliufuata mwongozo neno kwa neno. Baada ya miezi minane masasisho yakagoma. Nikaandika df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski: mfumo umejaa asilimia 100, huku /home ina zaidi ya GB 150 hazina kazi. Keneli (kiini cha Linux) za zamani na programu za Flatpak (njia mojawapo ya kuweka programu), ambazo kwa kawaida hukaa /var/lib/flatpak, ndizo zilizomaliza nafasi. Dawa ikawa kuwasha kwa flashi, kufungua GParted, programu ya kugawa diski, na kuimega /home kwa upande wa mwanzo. Ukimega mwanzo, data yote lazima ihamishwe. Saa nne nzima natazama ule mstari ukitambaa, betri haishiki chaji, namwomba Mungu umeme usikatike, maana ungekatika katikati ningepoteza kila kitu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwa heshima zote, hapo unawapotosha wageni. Kilichokuumiza ni zile GB 20, wala si kugawa. Ungeupa mfumo GB 60 usingelia. Na mgeni ndiye anayehamahama: leo Mint, kesho Ubuntu, keshokutwa Debian. Mwenye /home yake pembeni anaformati mfumo tu, na picha za harusi anazikuta palepale.

Mchangiaji wa pili

Samahanini kaka zangu, mnabishana kuhusu /home wakati wageni wengi wanaumia kabla hata ya kufika huko. Anayetaka kubaki na Windows aipunguze patisheni yake akiwa ndani ya Windows yenyewe, azime Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows), na aandike pembeni ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kufunga data ya diski), zile tarakimu 48. Bila huo ufunguo anaweza kujifungia nje ya data yake mwenyewe.

Mleta mada

Dada umenena, hilo nilipaswa kuanza nalo.

Mkuu, GB 60 nakubali ni afadhali. Ila mgeni atajuaje kama zake ni 60 au 100? Bado hajui atatumia nini. Anatakiwa akisie siku ambayo anajua kidogo kuliko siku zote, halafu kosa lake lije kurekebishwa kwa GParted usiku.

Na hizo picha za harusi ndizo zinazonifanya niwe mkali. Patisheni mbili ziko kwenye diski ileile; ikifa, zinakwenda zote. Tiki moja kimakosa kwenye kisanduku cha kuformati, nazo zimekwenda. Kabla ya kugusa chochote, mtu anunue diski ya nje, anakili, afungue picha mbili tatu kutoka huko ahakikishe zinafunguka. Akishafanya hivyo, kuhamahama hakumtishi hata akifuta kila kitu.

Anayetaka kutenganisha bila kubanwa ajaribu Btrfs, mpangilio wa mafaili badala ya ext4. Fedora (aina nyingine ya Linux) ya kompyuta za mezani inaiweka yenyewe tangu toleo la 33, mwaka 2020: mfumo na /home vinatengwa, lakini vinachota nafasi kwenye bwawa moja, hakuna kukisia ukubwa.

Mwenye diski mbili, SSD ndogo ya mfumo na ile ya zamani yenye nafasi kubwa, huyo aipeleke /home kwenye ya pili. Hapo mkuu tuko pamoja.