Apaka rangi ya kucha kwenye hereni ya Vermeer, kisha aniuliza kama nanunua uso au hereni

Binti wa Mkunazini (mwanzishaji wa uzi)

Assalaam aleikum, wana ukumbi. Naandika nikiwa bado na buibui mwilini na funguo mkononi, kwa sababu nikingoja hasira zipoe nitaandika kwa upole, na yule bwana hastahiki upole wa mtu yeyote. Sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kupita Mji Mkongwe anamjua: ndiye yule wa duka la picha, anayekaa kibarazani na brashi juu ya sikio ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona imelowa, na anayewaambia wageni kwamba mkono wake umesomea Florence, ilhali sote tunajua kwamba mbali kabisa ulikofika mkono huo ni Bububu.

Nilimwagizia nakala ya *Msichana mwenye Hereni ya Lulu* ya Johannes Vermeer, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, ichorwe kwa mkono, kwa rangi ya mafuta, juu ya kitambaa, kwa kipimo kilekile cha picha ya asili iliyoko katika jumba la makumbusho la Mauritshuis, The Hague, Uholanzi, yaani sentimita 44.5 kwa 39. Sikumwagizia dari ya kanisa. Ni kichwa cha msichana mmoja, kilemba, midomo iliyofunguka kidogo, na hereni. Nikatoa arubuni, nikampa na picha safi ya kuigia, nikasubiri. Kila nilipopita niliambiwa kwamba rangi haijakauka, na hilo nililipokea bila ugomvi, kwani mafuta ya kitani hayakauki kwa kuondoka kama maji, bali huganda polepole kwa kuchanganyika na hewa, na mji wetu una unyevu wa kuotesha ukungu juu ya viatu vikiwa bado miguuni.

Leo nimeitwa nikaichukue. Kilemba, ambacho Vermeer alikipaka mnamo mwaka 1665 hivi kwa buluu ya jiwe la lapis lazuli lililotoka Afghanistan, kimepakwa ile buluu ya kopo ambayo watu hupakia madirisha. Nikanyamaza. Msichana, ambaye katika picha ya asili nyusi zake hata hazionekani, amepewa nyusi mbili nene zilizokutana juu ya pua kana kwamba zina shauri la kujadili. Nikanyamaza vilevile, maana nimelelewa. Lakini hereni haikuwapo. Sisemi kwamba ilikosewa, nasema haikuwapo. Sikio lipo, shingo ipo, kola nyeupe ipo, na pale lulu inapotakiwa kuning'inia pana giza tupu.

Nikamwuliza, "Bwana, hereni iko wapi?" Akaitazama picha, akanitazama mimi, kisha akamgeukia binti anayeuza vikoi duka la pili, akamwomba rangi yake ya kucha. Nyeupe, yenye kumeremeta. Akafungua kichupa, akatia tone moja kwa kilekile kibrashi cha kuchani, akalipuliza kwa mdomo, na mbele ya wageni waliokuwa wamesimama na kamera zao akaniambia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Bi mkubwa, kwani wewe unanunua uso au unanunua hereni?"

Rangi ya kucha, wana ukumbi. Juu ya rangi ya mafuta. Akapuliza!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba lulu ya Vermeer yenyewe si kazi kubwa: ni mguso mzito wa rangi nyeupe upande wa juu, na chini yake mwanga hafifu wa ile kola unaoakisiwa, basi. Haina hata kikulabu cha kuishikia sikioni. Watafiti waliipekua picha hiyo kwa mitambo mwaka 2018 wakagundua kope nyembamba na pazia la kijani lililofifia nyuma ya msichana, lakini kikulabu hawakukiona. Kwa mtu mwenye rangi nyeupe ni kazi ya kitambo kidogo. Huyu ana duka zima la picha na hana rangi nyeupe. Ana jirani mwenye kucha.

"Unanunua uso au unanunua hereni?" Maneno hayo yamenifuata njia nzima kutoka Shangani mpaka mlangoni kwangu. Picha nimemwachia palepale pamoja na harufu yake, na arubuni amekataa kuirudisha, akidai kwamba hereni imeshatiwa na kwa hivyo kazi imekamilika.

Kibaraza cha Malindi

Pole sana, dada yangu. Nimekusoma kwa masikitiko makubwa, ila nina swali moja la kiufundi kabla hatujaendelea: alipaka mkono mmoja, au alisubiri ukauke akarudia wa pili? Kwa sababu mke wangu anasema kwamba mkono mmoja haukai wiki.

Mzee wa Vuga

Mwanangu, picha hiyo unayoililia iliuzwa kwenye mnada huko The Hague mwaka 1881 kwa gilda 2 na senti 30, fedha ya zamani ya Uholanzi, ikiwa imechafuka vibaya, na aliyeinunua ndiye aliyeiachia Mauritshuis kwa wasia. Naamini arubuni yako peke yake inazidi bei hiyo. Hata hivyo tuwe waadilifu: yule mnunuzi wa gilda 2 hakupewa nyusi, na wewe umepewa.

Binti wa Mkunazini

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini gilda 2 hizo zilinunua picha yenye lulu. Mimi nimepuliziwa rangi ya kucha mbele ya wageni. Mbona hakuna anayeligusa jambo la kupuliza?

Karafuu Kavu, Wete

Dada, wewe umeiona picha yako ikiwa imenyooka, kwa hivyo mshukuru Mungu. Mimi bwana huyohuyo alinichorea *Usiku wa Nyota* wa mchoraji Van Gogh, ambao mwenyewe aliuchora Juni 1889 akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, Ufaransa, kwa rangi nene za kupandana. Huyu naye akajitahidi katika unene tu. Aliweka rangi kwa kiasi ambacho juu ilikuwa imeshika ngozi na ndani bado uji, akaikunja upande wa rangi ukiwa ndani, akaifunga kwa kamba ya katani na kuipakia kwenye boti kuja Pemba. Nilipoikunjua, mwezi ulikuwa umehamia kwenye mvinje, nyota zote zimegandia nyuma ya kitambaa, na kijiji cha chini sikukiona tena mpaka leo. Nilipompigia simu aliniambia kwamba Van Gogh naye alikuwa hivyohivyo.

Fundi Fremu, Mwanakwerekwe

Picha ya mafuta hukunjwa upande wa rangi ukiwa nje, juu ya bomba pana, tena baada ya kukauka kweli, jambo ambalo kwa rangi nene huchukua miezi. Lakini nanyi wateja msijifanye malaika. Kila siku naletewa kitambaa kikubwa na fremu ndogo ya marehemu babu, naambiwa, "Fundi, kata pembeni kidogo, haitajulikana." Mwaka 1715 watu wa Amsterdam waliikata *Zamu ya Usiku*, picha kubwa ya mchoraji Rembrandt, pande zote ili iingie baina ya milango miwili ya ukumbi wa mji, na vipande vilivyokatwa havijaonekana mpaka leo. Kilichosalimika ni nakala ndogo ya mchoraji Gerrit Lundens iliyochorwa kabla ya mkasi kupita, na ndiyo iliyosaidia kuunda upya sehemu zilizopotea mwaka 2021. Kwa hivyo nakala ni kitu cha maana, na atakayeniletea tena fremu ya babu nitamrudisha nayo.

Shoga wa Jang'ombe

Afadhali nyinyi mmechorewa. Mimi niliuziwa *Mona Lisa* ya "mkono mtupu", nikaiweka karibu na dirisha, na kwa mwanga wa ubavuni nikagundua kwamba ile michirizi ya brashi ni gundi angavu iliyopakwa juu ya karatasi ya mashine, na michirizi yenyewe inapita puani bila kujali pua imeelekea wapi. Nilipotazama kwa kioo cha kukuzia nikaona vidoadoa vya wino. Tena ilikuwa na upana wa kitanda, wakati ile ya asili, iliyoko jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ina sentimita 77 kwa 53 tu na imechorwa juu ya ubao.

Kibaraza cha Malindi

Mimi sioni dhambi ya rangi ya kopo. Edward Said Tingatinga alianzia kwenye rangi za kopo juu ya vipande vya ubao, na leo Zanzibar nzima inauza mtindo wake.

Shoga wa Jang'ombe

Tingatinga alikuwa akichora chui wake mwenyewe, hakumwambia mtu kwamba chui huyo ametoka Louvre. Usichanganye mambo.

Binti wa Mkunazini

Jamani, arubuni yangu naidai vipi?

Karafuu Kavu, Wete

Fundi wa Mwanakwerekwe, ngoja kwanza. Hiyo habari ya fremu ya babu umeieleza kwa ufasaha mno. Wewe si yule uliyechukua arubuni yangu ya fremu ya mninga kabla ya Ramadhani, ukaniambia kwamba mbao ziko njiani?

Fundi Fremu, Mwanakwerekwe

Ndugu yangu wa Wete, mambo ya arubuni ni vizuri tukayazungumza faragha.

Mzee wa Vuga

Hapana, fundi. Yazungumzwe hapahapa, na uanze na hizo mbao: ziko njia ipi?