Mrejesho: Baba na ule unga wa inulini

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama baba, mwenye saratani ya kongosho na yuko kwenye dripu za kemo (dawa za saratani) ziitwazo FOLFIRINOX, anaweza kunywa unga wa inulini ili kulisha bakteria wazuri wa tumbo. Wengi mlisema ni nyuzinyuzi tu, haina neno.

Daktari wake amekataa kwa sasa. Dawa ya irinotekani iliyomo kwenye dripu yenyewe tu inaharisha, na inulini ikichachuka kwenye utumbo mpana inajaza gesi.

Kilichomshtua zaidi ni choo: kinaelea, kina mafuta, ukimwaga maji hakishuki. Akasema hapo tatizo ni kongosho kutotoa vimeng'enya (vya kusaga chakula) vya kutosha, mafuta yanapita bila kusagwa. Kaandika kapsuli za pankreatini, yaani vimeng'enya hivyo hivyo: anameza na tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo, kwa maji ya kawaida, si chai ya moto. (Mzee na chai yake, tumegombana kweli.)

Gesi imepungua, uzito umeacha kushuka. Aliyeshauri vidonge vya bakteria hai: navyo kavikataa, kwa kuwa chembe nyeupe za damu za baba, zile za kupigana na maambukizi, ziko chini. Unga tutauuliza tena kemo ikiisha.