Taa gani kwa tangi la samaki: strip ya rangi, nyeupe au dirishani?

Mama_Neoni (Ntinda)
Habari zenu wadau. Nina tangi la lita 60 sebuleni, ndani kuna neoni tetra wanane na beta mmoja. Nilianza na ile strip ya rangi rangi yenye rimoti, watoto wanaipenda balaa, wanaiweka bluu mpaka saa sita usiku, halafu mimi asubuhi nikiwasha saa kumi na mbili kukiwa bado giza samaki wanaruka kama wamemwagiwa maji ya moto, juzi mmoja kagonga kioo mpaka magamba yakatoka. Na wanakuwa wamepauka, ule mstari wa bluu hauonekani kabisa. Sasa nibaki na strip, ninunue LED nyeupe ya kawaida, au nisogeze tangi dirishani nisimalize yaka (umeme wa kulipia kabla) kwa taa? Nyie mnatumia nini?

Fundi_Tangi
Dada, huko kupauka asubuhi siyo ugonjwa. Neoni akilala gizani rangi inafifia, washa subiri dakika kadhaa inarudi. Ila ukimkuta saa sita mchana bado kapauka, mapezi kayabana, kajibanza kona anapumua mbiombio, hapo ogopa.

Huko kuruka ndio shida yenyewe. Samaki hana kope, na mboni yake haijikazi kama yetu, sasa wewe unamtoa giza totoro unampiga mwanga usoni. Washa kwanza taa ya sebuleni au fungua pazia, acha nusu saa, ndio uwashe ya tangi. Jioni kinyume chake. Mimi nilifanya hivyo tu, sikununua kitu, na kuruka kukaisha.

Kwa zako tatu nachagua nyeupe, ile imeandikwa 6500K, yaani mwanga kama wa mchana. Masaa nane yanatosha, ukiwa na mimea fika kumi.

Kijana_Bugolobi
strip bluu sio mbaya bana, mimi mwaka wa pili sasa na samaki wako sawa

Fundi_Tangi
Wako sawa au hawajafa tu? Unaizima saa ngapi?

Kijana_Bugolobi
😂😂 haya mzee, huwa inakesha

Nkejje_Jinja
Mimi nafuga nkejje, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, siyo neoni, ila hili la rangi ya taa wengi wanalichukulia kama mapambo tu. Kuna samaki wawili ndugu wa ziwa hilo, upande wa Mwanza, Pundamilia nyererei (ndiyo, jina la Mwalimu) ambaye dume wake ni mwekundu, na Pundamilia pundamilia ambaye dume wake ana bluu. Miaka ya 1990 mtafiti Seehausen na wenzake waliwawekea taa ya rangi ya chungwa inayoficha ile tofauti, majike wakashindwa kujua dume yupi wa kwao. Ziwani nako maji yakivurugika mwanga ukipungua mambo ni yaleyale, aina zinachanganyikana. Sasa wewe ukimwagia samaki taa ya rangi moja usiku kucha umewafungia kitambaa machoni. Tena neoni kwao ni vijito vya msituni Amazon, kivuli kitupu. Weka mimea inayoelea juu wapate pa kujificha, ila tafadhali usiende kuzoa gugu maji ziwani.

Mzee_Entebbe
Mwanangu, dirishani usiende. Huku ikweta iko mlangoni, jua linatoka na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, nikajiambia si ndio taima (kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe) ya bure hiyo. Dirisha lenyewe la mashariki. Kufika saa nne asubuhi maji yako nyuzi 31, na wiki ya tatu kioo kimekuwa kijani hata samaki simuoni, nakwangua na kadi ya benki iliyokufa. Nikarudisha ukutani nikanunua taima ile ya kuzungusha. Nayo ina kasoro yake, umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea ilipoishia. Kuna wiki umeme ulikatika mara tatu nne, taa ya kuzima saa mbili ikawa inazima saa saba usiku na mimi nimelala fofofo. Kila umeme ukirudi irekebishe.

Mama_Neoni (Ntinda)
Wiki mbili baadaye. Nimechukua nyeupe na taima, inawaka saa nne asubuhi pazia likiwa limeshafunguliwa, inazima saa mbili usiku. Neoni hawaruki tena. Ila beta sasa, kila jioni anaenda kioo cha kushoto anatunisha mashavu kama anataka ngumi!

Fundi_Tangi
Sebule mnakaa giza jioni?

Mama_Neoni (Ntinda)
Tukiangalia tivii ndiyo.

Fundi_Tangi
Basi anajiona. Ndani kukiwa na mwanga nje giza, kioo cha tangi kwake ni kioo cha kujitazama kweli. Acha balbu moja inawaka, au bandika karatasi upande huo.

Mama_Neoni (Ntinda)
Nimebandika karatasi nyeusi, katulia. Watoto ndio bado wamenuna, strip nimewahamishia nyuma ya tivii.