Kanitoza elfu kumi kwa nailoni aliyoiacha yeye mwenyewe!!

Kijana_wa_Kikwajuni

Assalamu alaykum. Leo sina salamu ndefu, nimetoka dukani kwake sasa hivi na damu inanichemka.

Yule bwana nyote mnamjua. Simtaji. Yule wa kompyuta, mwenye simu tatu mezani na jawabu moja la simu zote: "Keshokutwa inshallah." Ndiye huyo huyo.

Nimempa milioni na laki sita anifungie kompyuta ya mezani, kipande kwa kipande, vifaa vitoke Kariakoo vije kwa boti. Kazi yake kuhariri video za harusi, na geimu kidogo, siwafichi. Kachelewa mpaka bibi harusi niliyemuahidi video yake ya ndoa kashajifungua.

Haya, imekuja. Naiwasha nyumbani, feni linanguruma mpaka mama anauliza boti gani inaondoka saa hizi. Video ya dakika tano inagota. Natazama joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta: nyuzi 98! Ikifika huko prosesa inajipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua, ndo maana ilikuwa inajikokota vile.

Leo baada ya Alasiri nikaibeba nikampelekea. Duka limejaa watu. Kaifungua mbele zao, kang'oa hitisinki, lile dude la shaba la kupozea prosesa, na pale chini, baina ya shaba na prosesa... NAILONI. Ile ya kiwandani, ina maandishi makubwa kuwa iondolewe kabla ya kufunga. Yeye grisi kaipaka vizuri juu ya prosesa, kisha kaja kaibandika shaba na nailoni yake. Joto litoke wapi?

Mnajua kanambia nini? Hata haya hana, wallahi. Kanitazama usoni kanambia:

"Hiyo nilikuachia makusudi. Watu wanapenda kitu kipya kibaki na nailoni yake, kama makochi."

MAKOCHI!!

Duka zima hoi. Mzee mmoja aliyekuja kununua chaja tu kanishika bega, "pole mwanangu." Bwana mkubwa kaibandua nailoni, kaniwekea kiganjani, "shika, mali yako." Halafu akafuta mikono akasema elfu kumi. Ya nini? "Ya kufungua na kufunga."

Yako mengine nayapitisha tu. RAM, vile vibao vya kumbukumbu, kazibananisha nafasi ya kwanza na ya pili wakati kijitabu cha mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote, kinasema ya pili na ya nne. Namuuliza, ananambia "zikae jirani zisaidiane." Waya wa skrini kauchomeka kwenye mazabodi, kadi ya picha ya laki tano imelala mle ndani haina kazi. Hayo nimeyameza. Lakini ile nailoni, jamani. Mbele za watu. Kama makochi!

Popobawa_Mstaafu

Swali moja tu. Elfu kumi ulitoa?

Kijana_wa_Kikwajuni

Nilitoa. Kompyuta iko mezani kwake matumbo nje, ningeibebaje?

Popobawa_Mstaafu

Basi nailoni umeinunua kihalali. Itie fremu, utundike ukumbini 😂😂

Ukhti_wa_Mpendae

Mie namtetea fundi. Kwetu rimoti ina nailoni yake tangu enzi za tivii ya mgongo, na makochi mama hajayavua mpaka leo, ukikaa na kaptura unanasa. Huyo bwana anaijua jamii yake.

Kijana_wa_Kikwajuni

Ukhti, rimoti haifiki nyuzi 98!

Fundi_Chini_ya_Mwembe

Mdogo wangu, nailoni ni kidogo. Pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, kanunua nani? Kama kanunua yeye, itoe uibebe mkononi. Ikiwa nyepesi ujue umeliwa. Zimejaa zimeandikwa wati 500 ubavuni na ndani zina waya mwembamba tu. Umeme wetu huu ukiruka siku moja, haifi peke yake, inaondoka na mazabodi na kadi yako. Tia na stabilaiza ya kutuliza umeme.

Kijana_wa_Kikwajuni

Kanunua yeye. Usinitie homa.

Mzee_wa_Bao

Nyinyi watoto mnalilia joto la prosesa. Mlikuwa wapi mwisho wa 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika? Unguja nzima kiza miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Na kabla yake 2008, karibu mwezi mzima. Tulinunua maji kwa ndoo na kibatari kilipanda bei. Hakuna aliyeuliza RAM iko nafasi ya ngapi.

Mwana_wa_Mkoani

Yakhe, sie Pemba wakati huo taa zikiwaka! Mashine zetu za dizeli pale Wesha zilikuwa zinakohoa, lakini zinawasha. Waya wa umeme kutoka Tanga tumeletewa baadaye, 2010 hiyo hiyo. Nyie Unguja mkikaa kizani ndo mnatukumbuka.

Mzee_wa_Bao

Zikiwaka kwa zamu, sema na hilo. Na sie 2013 tumetandaziwa waya mpya wa megawati 100, ule wa zamani ulikuwa 45. Sasa sijui nani amkumbuke nani.

Kijana_wa_Kikwajuni

Jamani. Nailoni. Elfu kumi.

Ukhti_wa_Mpendae

Nshasema tundika ukumbini.

Popobawa_Mstaafu

Hiyo nimesema mie, usinichukulie.

Bi_Chuchu

Mmetaja umeme mmenikumbusha friji langu. Liliungua, fundi kaja, kachomoa kompresa "naenda kuipima Amani narudi." Tangu kabla ya Ramadhani iliyopita! Friji sasa naweka mashuka. Mgeni akija akiomba maji baridi anaona foronya.

Mwana_wa_Mkoani

Bora weye una friji. Mie fundi cherehani hapo mjini kanishonea kanzu ya Iddi mkono mmoja unafika kiganjani, wa pili kiwiko. Namwambia, ananijibu "utavutika ukiswali." Nimeswali mpaka Iddi ya pili, haujavutika.

Bi_Chuchu

Huyo si yule anayeweka tepu shingoni kutwa nzima na hapimi mtu? Mume wangu kampelekea kitambaa cha yadi tano, karudishiwa kanzu na mtoto wa fundi anavaa kanzu hiyo hiyo.

Mwana_wa_Mkoani

Ndiye!! Vilevile kofia yangu kaichukua "nitazame saizi."

Fundi_Chini_ya_Mwembe

Huyo mie ananidai nimtengenezee simu na mie namdai suruali.

Mzee_wa_Bao

Kesho baada ya Isha twendeni wote mlangoni kwake. Mie kanishonea koti la kuozeshea binti yangu, halifungi kifungo.

Bi_Chuchu

Namtuma mume wangu na picha ya yule mtoto.

Kijana_wa_Kikwajuni

Ngojeni kwanza. Yule mwenye tepu, duka la mlango wa buluu? Kanzu yangu ya harusi ya kaka iko kwake na harusi Ijumaa. Nakuja na mie, saa ngapi?