Mayai ya moshi wa mzabibu

Kikundi: Nyumbani Hombolo

ALHAMISI JIONI

Mama Neema: Mbukwenyi nyote. Picha nilizotuma ni mayai ya jaribio la tatu. Naomba mniambie ukweli kabla sijanunua trei mbili za kipaimara cha Neema.

Mama Baraka: Wifi, hayo ni mayai kweli? Mbona yana rangi ya chai ya maziwa?

Mama Neema: Mayai, wifi. Nimeyachemsha, nimeyamenya, nikayaweka kwenye moshi nusu saa. Ukilikata ndani bado jeupe, rangi iko juu juu tu. Halafu kiini kinatolewa, kinachanganywa na viungo na kurudishwa kwenye shimo lake.

Yona: Dada, hizo ndizo deviled eggs! Wamarekani hawakosi kuzipika Pasaka na kwenye nyama choma zao.

Shangazi Dorika: Yona, hilo neno la Kiingereza maana yake nini? Maana mimi hapo naona shetani.

Yona: Shikamoo shangazi. Ndivyo linavyosomeka, lakini ni neno la jikoni. Waingereza tangu karne ya 18 wamekuwa wakikiita hivyo chakula chenye pilipili na haradali, kwa ajili ya ukali wake. Mayai yenyewe ni ya zamani kuliko jina. Andalusia, kusini mwa Hispania, karne ya 13, walikuwa tayari wanaponda viini na giligilani, maji ya kitunguu na pilipili, wanajaza, wanafunika nusu mbili na kuzibana kwa kijiti.

Shangazi Dorika: Marahaba mwanangu. Hayo ya Andalusia nimeyasikia. Lakini mtoto anawekewa mikono asubuhi, mchana mchungaji anakaribishwa mayai yenye jina hilo? Mimi sikubali.

Mama Neema: Shikamoo shangazi. Una haki kabisa, na mezani halitatajwa. Hata huko Marekani, kwenye vyakula vya kanisani wengi hawalitumii, wanasema mayai yaliyojazwa. Sisi tutayaita mayai ya moshi.

Shangazi Dorika: Marahaba. Hapo sawa. Sasa nieleze huo moshi, maana ninaoujua mimi unaacha uchungu mdomoni.

Mama Neema: Ndiyo maana nimefika jaribio la tatu, shangazi. La kwanza niliomba vipande vya mbao kwa fundi mmoja hapa mtaani. Akanipa, hakuniambia kwamba vilishapigwa dawa ya mchwa. Moshi wake tu ulinitoa machozi. Mayai kumi na mawili yote nikayafukia, sikuthubutu hata kumpa kuku.

Mama Neema: La pili nikatumia matawi ya mzabibu aliyoniachia kaka Elia, lakini yalikuwa yamekatwa wiki ile ile. Mabichi. Moshi ukatoka mweupe mzito kama wa majani mabichi, na mayai yakawa machungu, ukali unakaa kwenye ulimi hadi jioni. Juzi ndiyo nikapata yale makavu. Moshi mwembamba, ukiutazama kwenye jua una ubuluu kidogo. Huo ndio wenyewe. Yai linanukia utamu, kama zabibu kavu zimedondokea kwenye mkaa.

Kaka Elia: Subiri dada. Hayo makavu umeyatoa wapi?

Mama Neema: Kwenye lundo nyuma ya banda lako, yale ya msimu uliopita. Mama Baraka aliniruhusu.

Kaka Elia: Hayo hayana shida, yamenyeshewa na kukauka. Nilitaka kuhakikisha hujachukua ya upande wa barabarani. Shamba lile nimelipiga salfa na dawa ya ukungu, tawi la pale lisikaribie chakula. Na ukichukua, chagua yenye unene wa kidole gumba, gome lake uliambue kwa mkono. Lile gome linaloning'inia kama nyuzi ndilo linaloshika moto ghafla na kutoa masizi.

Mama Neema: Ahsante kaka, la gome sikulijua. Kumbe ndiyo maana mayai mawili yalikuwa na madoa meusi.

Mama Baraka: Mama yuko hapa, nimemsomea yote. Anasema: "Nyama tulikuwa tunaitundika juu ya mafiga, kuni kavu, moto wa kulala, siku hata tatu. Kuni mbichi ni za kufukuza mbu."

Mama Neema: Mwambie mama shikamoo. Angeniambia mapema ningeokoa mayai ishirini na manne!

Mama Baraka: Anasema marahaba, hukumuuliza.

IJUMAA ASUBUHI

Mama Baraka: Wifi, nataka nijaribu hapa nyumbani. Mimi nina jiko la mkaa na sufuria kubwa tu, sina pipa.

Mama Neema: Inatosha kabisa. Cha kushika ni hiki: yai limeshaiva, haliombi moto, linaomba moshi. Mimi pipa langu la nusu nasogeza mkaa upande mmoja, kama viganja viwili tu, naweka juu yake vijiti vitatu vinne. Mayai yanakaa upande wa pili kwenye wavu. Mfuniko naufungua kidogo juu ya mayai, siyo juu ya mkaa, ili moshi uvutwe upite kwenye mayai kabla haujatoka. Kwenye sufuria yako weka kibakuli cha maji katikati. Yai likikaa juu ya mkaa moja kwa moja, ngozi inakuwa kama mpira wa kandambili, unatafuna hadi taya linachoka.

Mama Neema: Na usiyafute yakauke kabisa. Yakiwa na unyevu kidogo ndipo moshi unashika vizuri. Mimi nayapangusa kwa kitambaa mara moja, basi.

Mama Baraka: Dakika thelathini?

Mama Neema: Anza kuonja dakika ya ishirini. Toa moja, kata, onja. Moshi ni kama karafuu kwenye pilau: ukisikika kwanza kabla ya chakula, umezidi.

Mama Baraka: Na kuchemsha? Yangu kiini huwa kinazungukwa na rangi ya kijani.

Yona: Hiyo ni kuchemsha kupita kiasi. Salfa ya kwenye ute inakutana na chuma cha kwenye kiini. Haidhuru ila haipendezi. Lakini msichukue dakika za mapishi ya Dar mkazileta hapa kama zilivyo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, siyo 100. Yai linachukua muda zaidi kidogo.

Mama Neema: Kweli, mimi kwa saa yangu ni dakika 13. Yanaingia maji yakiwa yameshachemka, yakitoka yanaenda kwenye maji ya baridi papo hapo. Na usitumie yaliyotagwa leo, ganda litaondoka na nusu ya ute. Yaliyokaa wiki moja yanamenyeka kama ndizi mbivu. Kwa kazi hii ganda ni jambo kubwa, yai likichubuka moshi unaingia kwenye kovu na linakuwa na viraka.

Shangazi Dorika: Ya kienyeji au ya kisasa?

Mama Neema: Ute nautaka mkubwa wa kubebea, kwa hiyo ya kisasa. Ila shangazi, kwa kila mayai kumi ya kisasa naongeza viini viwili vya kienyeji kwenye mchanganyiko. Ile rangi ya machungwa! Bila hivyo ujazo unakuwa mweupe kama uji.

Kaka Elia: Na sosi ya kuchanganya na viini? Hapo ndipo ilipo ladha ya nyama choma yenyewe.

Mama Neema: Sosi naipika kwa ukwaju, siyo ile ya dukani, yenye sukari tupu. Ukwaju uliolowekwa na kuchujwa nusu kikombe, nyanya ya kopo vijiko viwili, sukari guru kipande cha ukubwa wa kiberiti, siki kidogo, kitunguu saumu, bizari nyembamba, paprika, pilipili ya unga na chumvi. Inachemka taratibu hadi ukipitisha kijiko chini ya sufuria njia inabaki wazi unaona chuma. Ikiwa nyepesi itaufanya ujazo uteleze. Iache ipoe kabisa.

Mama Neema: Kwa mayai 12: viini nasugua kwenye chujio la chai hadi viwe unga, hapo usione uvivu, donge moja linaziba pua ya mfuko wa kujazia. Mayonaizi vijiko vinne vya chakula, haradali kijiko kimoja cha chai, sosi vijiko viwili vya chakula. Chumvi onja mwisho. Juu unadondosha tone la sosi na paprika kidogo.

Mama Baraka: Nimeandika kwenye daftari la Baraka la hesabu.

Yona: Dada, watu wangapi?

Mama Neema: Hamsini. Trei mbili ni mayai 60, vipande 120, kila mtu viwili na ziada kwa watoto.

Yona: Basi usiyajaze asubuhi. Yenye mayonaizi hayakai nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Chini ya banda la bati mchana huu wa Dodoma hiyo saa ni fupi.

Mama Neema: Nimelifikiria. Jumamosi usiku nayapiga moshi yakiwa mazima, yanalala kwenye friji. Ujazo unakaa peke yake kwenye bakuli lenye mfuniko. Tukirudi kanisani ndipo mimi na wifi tunajaza, na yanatoka sinia moja moja. Mengine yanabaki kwenye deli la barafu.

Mama Baraka: Mimi naja na deli la kwangu pia.

JUMAMOSI USIKU

Mama Neema: Yametoka sasa hivi. Hamsini na nane. Mawili yalipasuka kwenye kuchemsha, Neema kayala na chumvi. Jirani kabisha hodi kuuliza tunachoma nini, nikampa moja bila ujazo, akarudi na sahani kuomba la mume wake.

Kaka Elia: Vijiti vimetosha?

Mama Neema: Vimebaki vitano. Naviweka vya Krismasi.

Shangazi Dorika: Mwanangu, mimi kesho nitengee manne yasiyo na pilipili. Mawili yangu, mawili ya mchungaji. Tumbo lake nalijua.

Mama Neema: Yameshatengwa shangazi, sahani ya bluu. Hayo juu nitaweka jani la giligilani ili yasichanganyike.