Ufahamu: "jiko baridi" limewaangusha wanafunzi wangu, nisaidieni

Mwalimu wa Mwingi
Walimu wenzangu, salamu. Nafundisha Kiswahili Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa huku Mwingi, wanafunzi 52. Kwenye sarufi wanajikaza, insha si haba, ila ufahamu unaniumiza roho. Karatasi ya pili ina alama 80, na zile 15 za ufahamu hazidai mtu akariri chochote, kifungu kiko mbele yake. Bado wengi wanaambulia 4 au 5.

Wiki jana niliwatungia kifungu mwenyewe. Mama anarudi usiku kutoka kuchota maji: "Aliwakuta watoto wamelala, jiko baridi." Nikauliza watoto walilala katika hali gani. Wanafunzi 31 wakaandika kwamba watoto walikuwa wanasikia baridi. Wengine wakanakili sentensi nzima kama ilivyo. Na hawa ni watoto wanaoijua njaa, wapo wanaofika darasani hawajatia kitu mdomoni. Mnawafundishaje kuona lisilotajwa?

Mstaafu wa Kiswahili
Pole sana, mwalimu. Nimeshika chaki miaka 27. Kiswahili wanacho, ila wamezoea kuwinda neno. Swali likitaja "watoto", mwanafunzi anapitisha kidole mpaka akutane na "watoto", anachota maneno ya jirani, amemaliza. Jirani hapo alikuwa "baridi".

Mimi nilikuwa nawaambia wafunike karatasi. Kifungu kinasomwa kwa sauti, kisha mmoja anasimulia kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo, Kikamba, humo humo darasani. Muulize: kwenu jiko likiwa baridi saa mbili usiku, kuna nini? Akishasema, ndipo mrudi kwenye Kiswahili. Nililaumiwa kwa hilo na wakuu wangu, na ningelifanya tena.

Mwalimu Voi
Naunga mkono. Niongeze la msamiati. Kifungu changu kilikuwa na "Baada ya kuhangaika miji mitatu, alitia nanga Voi." Karibu wote wakaandika "kusimamisha chombo baharini". Nikamwambia mmoja arudishe jibu lake ndani ya sentensi, asome: "Baada ya kuhangaika miji mitatu, kusimamisha chombo baharini Voi." Darasa zima likaangua kicheko, maana wao ni wa hapa hapa, bahari hawaioni. Wenyewe wakatoa "alitulia". Tena njia hii inarekebisha na umbo: kifungu kikisema "alitia", jibu haliwezi kuwa "kutulia".

Mama Mwalimu
Dakika 40, wanafunzi 52, nani atasimulia na nani atasikiliza? Wape wawili wawili, mwalimu, kila mtu amsimulie jirani yake. Wewe pita ukitega sikio.

Mwalimu wa Mwingi
Asanteni mno. Leo kipindi cha kwanza nimewaweka wawili wawili, karatasi zimefunikwa. Kuna binti anakaa nyuma kabisa, tangu Januari sijamwona akiinua mkono. Amemsimulia mwenzake kwa Kikamba, kisha akaandika: "Walilala njaa kwa sababu hakukuwa kumepikwa." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Kungepikwa, mama angekuta majivu bado yana moto."

Nimempa alama zote mbili. Kesho ni msamiati, nitaanza na nanga ya Voi.