Final Fantasy: kwako ipi namba moja?

Wadau, nimeimaliza tena Final Fantasy IX, toleo la mwaka 2000 la mfululizo huu wa michezo ya video, diski zote 4, na bado naiweka juu ya VII. Sababu ni Vivi. Mtoto mchawi mwenye kofia kubwa iliyochongoka, anagundua kwamba wenzake walitengenezwa wawe silaha na kwamba maisha yao ni mafupi. Pale makaburini, kwenye kijiji cha wachawi weusi, niliweka pedi ya kuchezea chini kabisa. Nyie mnasemaje?

— Mkuu, Vivi nakubali, ila mapigano ya IX yanajikokota mno. Mimi ni X, 2001. Unaona zamu ya nani inafuata, unabadilisha mtu katikati ya pambano. Halafu Yuna, shujaa wa kike wa X, akicheza dansi juu ya maji kwenye kijiji cha Kilika, akiwasindikiza marehemu, dah!

— VI ya 1994 mmeiacha wapi jamani? Wahusika 14, na adui mkuu, Kefka, anafanikiwa kweli kuiharibu dunia katikati ya mchezo!

— Mkuu wa X, hilo la kujikokota silipingi. VI niliiachia njiani, pale kisiwani ambapo shujaa Celes anamvulia samaki mzee Cid aliye mgonjwa. Ijumaa naianza upya.